Unatafuta kamusi ya Kikantoni? Soma hapa kabla hujatoa hela

Swali ni lilelile kila siku. "Kaka naenda Guangzhou mwezi ujao, nipe jina la kamusi nzuri." "Mdogo wangu kapata kazi Hong Kong, anunue kitabu gani?" "Nimekomaa na kitabu miezi mitatu mbona watu hawanielewi?" Nimekuwa nikijibu mmojammoja, sasa nimeona bora niandike yote sehemu moja ili ukimaliza kusoma uanze leoleo.

Na naandika kwa sababu hela yangu mwenyewe ilishapotea kwenye hili. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa kile kidogo cha mfukoni, cha maneno ya safari, nilikinunua kwenye duka moja nikafurahi kweli kwamba kila neno limeandikwa kwa herufi zetu. Kununua kimeandika "mai". Kuuza kimeandika "mai". Hakuna namba ya sauti, hakuna alama, hakuna chochote. Sa hapo wewe unaenda sokoni unamwambia mtu nini? Kununua ni 買 maai5, sauti inaanzia chini inapanda kidogo, na kuuza ni 賣 maai6, sauti iko chini na inabaki palepale. Kitabu kisichokuonyesha hiyo tofauti ni karatasi tu, hata kiwe na picha nzuri namna gani.

Kabla hujaanza, hakikisha una haya

Kwanza uhakika kwamba unachotaka ni Kikantoni kweli, yani Kichina cha Hong Kong, Macau na wenyeji wa Guangzhou. Kichina kinachofundishwa kwenye vituo vya Confucius, kama pale Chuo Kikuu cha Nairobi au Dar es Salaam, ni Kimandarini, Kichina rasmi cha China, na ukikuta kitabu kimeandikwa "Kichina" tu basi jua ni Kimandarini. Nikuambie ukweli, kama unaenda Guangzhou wiki mbili kufunga mzigo na kurudi, Kimandarini kitakutosha, madukani wote wanakiongea. Kikantoni ni cha mtu anayeishi Hong Kong au Macau, au aliyekaa Guangzhou muda mrefu na anataka kuongea na wazee na majirani, au aliyeolewa au kuoa kule, au anayekaa na Wakantoni huko Canada, Marekani, Uingereza. Kama ni wewe, endelea.

Pili simu yenye nafasi kidogo. Tatu daftari la kawaida. Nne Kiingereza cha kusomea, kwa sababu kamusi nzuri karibu zote zinafasiri kwa Kiingereza, hapo hakuna njia ya mkato. Hela ya vitabu iweke pembeni kwanza, mwezi wa kwanza huihitaji.

Hatua ya 1: Chagua mwandiko mmoja na ubaki nao

Hapa ndo wengi wanapopotea. Kikantoni kinaandikwa kwa herufi za Kichina, lakini ili mwanafunzi ajue matamshi watu wametunga miandiko mingi ya herufi zetu, na kila kitabu kina wake. Miwili utakayokutana nayo sana ni Jyutping, uliotolewa na Chama cha Isimu cha Hong Kong mwaka 1993, na Yale, wa zamani zaidi na upo kwenye vitabu vingi vya kozi. Jyutping unaweka namba 1 mpaka 6 mwisho wa silabi. Yale unaweka alama juu ya irabu, na sauti za chini unaziongezea h, kwa hiyo kununua inakuwa máaih na kuuza inakuwa maaih.

Chagua Jyutping. Kamusi za simu zinautumia, kibodi zinautumia, na vijana wa Hong Kong wanaofundisha onlaini wanautumia. Yale jifunze kuisoma tu, baadaye, maana vitabu vizuri vya sarufi bado viko nayo.

Kwanini nakazania hili, angalia herufi j. Kwenye Jyutping j inasomwa kama y yetu, kwa hiyo ji2 (椅) ni kiti na unatamka "yi". Kwenye Yale j iko karibu na j yetu, kwa hiyo jí (紙) ni karatasi, na karatasi hiyohiyo kwenye Jyutping inaandikwa zi2. Ukichanganya vitabu viwili bila kujua, unaomba karatasi unaletewa kiti.

Kabla hujaenda hatua ya pili jifunze sauti sita kwa silabi moja, si, maana hii utairudia maisha yako yote: si1 詩 shairi, si2 史 historia, si3 試 kujaribu, si4 時 wakati, si5 市 soko, si6 事 jambo. Ya kwanza iko juu, ya pili inapanda, ya tatu katikati, ya nne inashuka chini kabisa, ya tano inaanzia chini inapanda kidogo, ya sita chini imetulia. Zisikilize kwa mtu, usizisome tu.

Na sisi tuna bahati yetu hapa. Wazungu wanahangaika na ngo5 (我, mimi) kwa sababu ng haikai mwanzoni mwa neno kwao, wewe tamka kama ng' ya ng'ombe basi. Wanahangaika na m4 (唔, ile ya kukanusha) kwa sababu haina irabu, wewe tamka kama m ya mtoto. Kinachotushinda sisi ni mwisho wa neno. Kumi ni sap6 na midomo inafunga palepale kwenye p, hakuna "sapu". Ukiongeza u umetengeneza silabi ambayo Kikantoni hakina.

Hatua ya 2: Weka kamusi ya simu, na uiweke kabla hujasafiri

Pakua Pleco, ipo ya Android na ya iPhone, ya kuanzia ni bure. Ikishaingia inakuja na Kimandarini, na wengi wanaishia hapo wanasema haina Kikantoni. Ingia sehemu ya nyongeza, tafuta CC-Canto, ndo kamusi yenyewe ya Kikantoni, nayo ni bure, ipakue. Alafu ingia kwenye mipangilio ya lugha uwashe Kikantoni na uchague Jyutping. Ukimaliza, tafuta neno lolote uone kama kuna namba mwisho wa silabi. Ukiona alama kama nǐ hǎo bado uko kwenye Kimandarini, rudi kwenye mipangilio, unachotaka kuona ni nei5 hou2.

ONYO: fanya haya yote ukiwa nyumbani. China bara huduma za Google hazifunguki kirahisi, kwa hiyo Play Store usiitegemee ukishashuka Guangzhou. Hong Kong haina shida hiyo. Uzuri wa Pleco ni kwamba ikishapakuliwa inafanya kazi bila bando.

Hatua ya 3: Ongeza kamusi mbili za mtandaoni

Ya kwanza ni words.hk, wenyewe wanaiita 粵典. Watu wa kujitolea wa Hong Kong waliianza mwaka 2014 na kazi yao mi naiheshimu sana, maana maelezo yameandikwa kwa Kikantoni chenyewe, kuna tafsiri ya Kiingereza, na mifano ni sentensi ambazo watu wanazisema kweli. Neno la mtaani ambalo Pleco haina, mara nyingi liko hapa.

Ya pili ni Wiktionary. Tafuta herufi ya Kichina, nenda sehemu ya matamshi, fungua pale pa Kikantoni, utaona Jyutping na Yale na miandiko mingine imepangwa pamoja. Ukikuta kitabu chenye mwandiko usioujua, hapa ndo pa kulinganishia.

Kama unasoma herufi za Kichina tayari, Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong kina hazina ya matamshi mtandaoni inayokuonyesha herufi moja inasomwaje na kwenye maneno gani. Asiyejua herufi aiache kwanza.

Hatua ya 4: Ipime kila kamusi kwa maneno matano

Hii ndo sehemu ninayotaka uishike kuliko zote. Usiniamini mimi, usiamini jalada, usiamini muuzaji. Kamusi yoyote, ya karatasi au ya simu, itafutie maneno haya matano palepale dukani kabla hujalipa, dakika tano zinatosha.

1. 冇 mou5, maana yake hakuna, sina, hatuna. Kama kamusi inakupa 沒有 peke yake, basi ni Kimandarini kilichovalishwa nguo za Kikantoni. Sokoni hakuna anayekujibu 沒有.

2. 佢 keoi5, yeye. Mwanamke au mwanaume ni neno moja, kama kwetu. Kamusi ikikuletea 他 na 她 tu, hiyo ni lugha ya kuandika.

3. 嘢 je5, kitu, vitu, mambo. Neno la kila dakika: sik6 je5 kula, maai5 je5 kununua vitu. Likikosekana weka kitabu chini.

4. 糖 tong. Kamusi nzuri inakupa mawili: tong4 ni sukari, tong2 ni pipi. Herufi ileile, sauti imebadilika na maana imebadilika. Kamusi ambayo imenakili tu matamshi ya herufi mojamoja itakupa tong4 na kukaa kimya, na itakufanyia hivyo kwenye maneno mengine mengi. Jaribu na 女 pia, neoi5 ni mwanamke, neoi2 ni binti ya mtu.

5. 唔該 m4 goi1. Hapa unaangalia maelezo. Kamusi dhaifu itaandika "asante" ikamaliza. Nzuri itakuambia hii ni asante ya kufanyiwa jambo, umefunguliwa mlango, umepewa chenji, na ndo hiyohiyo ya kumwitia mhudumu au kuomba njia kwenye lifti, lakini ukipewa zawadi unasema 多謝 do1 ze6. Mtu kakununulia chakula ukamwambia m4 goi1 hajakasirika, ila atajua umejifunza nusu.

Ikipata manne kati ya matano nunua. Ikipata mawili iache, hata kama inauzwa nusu bei.

Hatua ya 5: Kitabu cha sarufi kinunue kabla ya kamusi ya karatasi

Wengi wanafanya kinyume. Kamusi ya simu unayo tayari, kitu ambacho simu haikupi ni jinsi maneno yanavyoshikana. Kwa anayeanza tafuta Basic Cantonese ya Virginia Yip na Stephen Matthews, ina mazoezi na majibu, sura fupifupi, na ukimaliza kuna Intermediate Cantonese ya haohao. Hao wawili ndo walioandika pia Cantonese: A Comprehensive Grammar, ilitoka mwaka 1994 na toleo la pili 2011, hiyo ni nene na ni ya kurejea, sio ya kusoma mwanzo mpaka mwisho. Zote zinatumia Yale, ndo maana nilikuambia ujifunze kuisoma.

Ukifika kwenye sura ya maneno ya kuhesabia usiogope, sisi tumekulia kwenye ngeli. Kikantoni huwezi kusema "moja shati", lazima katikati uweke neno linaloendana na hicho kitu: jat1 gin6 saam1 (一件衫) shati moja, jat1 tiu4 fu3 (一條褲) suruali moja, jat1 deoi3 haai4 (一對鞋) pea moja ya viatu, jat1 zek3 gau2 (一隻狗) mbwa mmoja. Tiu4 inashika vitu virefu, kwa hiyo suruali, barabara na samaki wako pamoja. Kama vile kamusi za Kiswahili zinavyokuwekea ngeli pembeni ya nomino, kamusi nzuri ya Kikantoni inakuwekea neno la kuhesabia. Ukiikuta inayofanya hivyo ithamini.

Angalia pia sura ya vijineno vya mwisho wa sentensi, aa3, laa1, wo5 na wenzao. Kamusi nyingi zinavipita haraka na bila hivyo unaongea kama tangazo la uwanja wa ndege. Wo5 kwa mfano ni "eti" yetu kabisa, ya kusema maneno ya mtu mwingine: keoi5 m4 lei4 wo5 (佢唔嚟喎), eti haji. Sisi eti tunaitanguliza, wao wanaiweka mwisho.

Hatua ya 6: Sasa kamusi ya karatasi, kama bado unaitaka

Ya kisasa ninayoipendekeza ni ABC Cantonese-English Comprehensive Dictionary ya Robert S. Bauer, University of Hawai'i Press, 2020. Imepangwa kwa alfabeti ya Jyutping, yani umesikia neno mtaani hujui linaandikwaje, unalitafuta kwa sauti kama unavyotafuta kwenye kamusi yetu. Hilo tu kwa mgeni lina thamani kubwa.

Vitabu vilivyotumika utakutana sana na A Practical Cantonese-English Dictionary ya Sidney Lau ya mwaka 1977, iliyochapwa na mchapaji wa serikali ya Hong Kong. Ni kazi nzuri na mifano yake ni ya mazungumzo, ila ina mwandiko wake yenyewe na baadhi ya maneno yamezeeka. Ukiipata kwa bei ndogo chukua kama ya pili, isiwe ya kwanza.

Alafu kuna zile za wamisionari ambazo watu wananitumia PDF zake wakiuliza kama zinafaa: Morrison 1828, Williams 1856, Eitel 1877. Kwa anayependa historia ya lugha ni hazina. Kwa anayetaka kununua samaki kesho hazifai, matamshi ya Canton (ndo Guangzhou) ya wakati ule sio ya leo.

Ukiwa Hong Kong usinunue bila kuona. Maktaba Kuu iliyopo Causeway Bay kuingia na kusoma humo ndani ni bure, nenda na yale maneno matano, kaa na vitabu vitatu mezani ulinganishe. Guangzhou angalia kitu kimoja zaidi: kamusi nyingi zinazouzwa kule zimeandikwa kwa ajili ya Wachina wanaojua Kimandarini, maelezo yote ni Kichina, na mwandiko wake wa matamshi ni mwingine tena.

Hatua ya 7: Weka kibodi ya Jyutping

Hii wengi hawaihesabu kama kifaa cha rejea lakini mi naihesabu. Gboard, kibodi ya Google, ina Kikantoni. Ipo pia TypeDuck, ilitengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza, ukiandika Jyutping inakuletea herufi pamoja na maana yake, kwa Kiingereza, Kihindi, Kiindonesia, Kinepali au Kiurdu. Kila ujumbe unaoutuma unakuwa umefanya zoezi la kamusi.

Hatua ya 8: Daftari

Neno jipya liandikie mistari minne: herufi, Jyutping na namba yake, neno la kuhesabia kama ni kitu, na sentensi moja uliyoisikia kwa masikio yako. Sio sentensi ya kitabuni. Usiandike neno bila namba ya sauti hata siku moja, kesho hutakumbuka na utalijaza kwa kubahatisha.

Makosa ninayoyaona sana

Kutafsiri kwa mashine na kuita kamusi. Google Translate iliongeza Kikantoni mwaka 2024 na inasaidia kupata maana ya jumla, lakini haikuambii neno ni la adabu, la matusi au la kuandikia tu.

Kukusanya. Mtu ana PDF kumi na saba na hajamaliza sura moja. Kamusi mbili na kitabu kimoja vinatosha mwaka mzima.

Kuandika matamshi kwa tahajia ya Kiswahili. Najua inavutia, unaandika "yat" au "hou" unaona umemaliza, lakini sauti imepotea na ile a fupi na aa ndefu zimekuwa kitu kimoja, wakati kwao sam1 (心) ni moyo na saam1 (三) ni tatu.

Ukikwama

Umesikia neno, kamusi hailileti. Kwanza ondoa namba utafute silabi tupu. Kama bado, badilisha l iwe n, maana watu wengi Hong Kong wanatamka nei5 (wewe) kama lei5 na kamusi imeandika nei5. Kama neno linaanza na irabu jaribu kuweka ng mbele, ngo5 utaisikia kama o5. Kama bado, badilisha a iwe aa.

Kamusi inakupa matamshi mawili kwa herufi moja. Yote ni sahihi, soma mifano. 平 ikiwa peng4 ni bei rahisi, ikiwa ping4 ni ile ya kwenye 和平 wo4 ping4, amani. Dukani unataka peng4.

Unaona viboksi vitupu badala ya herufi. Kikantoni kina herufi zake ambazo fonti za zamani hazina. Sasisha simu, au kwenye kompyuta weka fonti ya Noto Sans HK. Kamusi haijaharibika.

Bango limeandika 是 lakini watu wanasema hai6. Maandishi rasmi yanafuata Kichina cha kuandika, mdomoni watu wanasema 係. Kwenye daftari andika zote mbili na uweke alama ipi ni ya mdomo.

Umefuata kamusi vizuri na bado mtu hakuelewi. Mara nyingi ni sauti, sio neno. Fungua Forvo, tovuti ya matamshi yaliyorekodiwa, sikiliza wenyeji wawili watatu wakilitamka, jirekodi kwenye simu, weka rekodi yako mara moja baada ya yao na usikilize zikifuatana. Anza na maai5 na maai6.